Hisa za Mafuta ya Baharini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuharibika kwa Mitambo na Kushuka kwa Uzalishaji

Maswali haya yametoka kwa wanachama wa kikundi chetu cha uwekezaji hapa Kigoma Ujiji, katika vikao tulivyofanyia Mwanga, na machache yameletwa kwa simu na ndugu wa Kasulu na Uvinza. Wengi wetu ni walimu, wauguzi, wastaafu, na wafanyabiashara wa dagaa na mawese. Baadhi wamenunua hisa za kampuni zinazochimba mafuta chini ya bahari, wengine kupitia programu za simu, wengine kupitia watoto wao walioko nje ya nchi, kisha wakashtuka kusoma kwamba mtambo fulani umesimama na thamani ya akiba yao imeporomoka, kabla hawajajua mtambo huo ulikuwa unafanya kazi gani. Mimi ndiye ninayetunza vitabu vya kikundi, na imeniuma kuona mtu aliyeweka fedha kwa nidhamu ya miaka mingi akizipoteza kwa sababu hakuna aliyemweleza mambo haya kwa lugha yake. Nimejibu kwa kadiri ninavyoyafahamu. Majibu haya si ushauri wa kununua wala kuuza. Kwa hilo, mwone dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Mafuta ya baharini yanachimbwaje, na ni mitambo gani inayoweza kuharibika?

Mafuta yamo ndani ya vinyweleo vya mwamba, mara nyingi kilomita mbili au tatu chini ya sakafu ya bahari, pamoja na gesi na maji. Kisima kinachimbwa hadi kwenye mwamba huo, na juu yake, pale chini kabisa baharini, hufungwa mkusanyiko wa vali zinazofungua na kufunga mkondo. Kutoka hapo mabomba huyapandisha mafuta hadi kwenye jukwaa la chuma au kwenye meli maalumu iliyotia nanga, ambayo hutenganisha mafuta, gesi na maji, huhifadhi mafuta katika matangi yake, na kuyapakulia meli nyingine inayoyapeleka sokoni.

Chukua meli inayoitwa Kwame Nkrumah, iliyo katika eneo la Jubilee, nchini Ghana. Ilikuwa meli ya kawaida ya kubeba mafuta, ikageuzwa kuwa kiwanda kinachoelea. Imesanifiwa kuchakata mapipa 120,000 kwa siku na kuhifadhi takriban mapipa milioni 1.6, na pipa moja ni lita 159. Ndani yake zimo pampu za kurudisha maji chini kwenye mwamba ili shinikizo lisishuke, kompresa za kubana gesi, mitambo ya kufua umeme, matangi ya kutenganishia, na maelfu ya vali na mita. Vyote hivi vimefungamana. Kompresa ikisimama, gesi haina pa kwenda. Gesi ikikosa pa kwenda, visima lazima vipunguzwe. Visima vikipunguzwa, mafuta yanapungua hata kama pampu na matangi yote ni mazima.

Kampuni ina mamia ya mamilioni ya mapipa ardhini. Kwa nini kifaa kimoja kiangushe bei ya hisa?

Swali hili ndilo lililoulizwa na watu wengi kuliko mengine, na ndipo wengi wanapoumizwa. Mwekezaji mgeni huangalia akiba iliyo ardhini. Anayelijua jambo hili huangalia kinachopita kwenye mtambo kila siku.

Mwaka juzi shemeji yangu, mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, aliharibikiwa na injini ya mashua katikati ya giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani na taa za wavuvi ndizo zinazowaita dagaa. Gia ya injini ilikuwa imekatika meno. Nilikiona kifaa chenyewe kwenye gunia pale mwaloni, kimeng'aa upande mmoja kama kimesuguliwa kwa msasa. Kipuri cha kwanza alichouziwa hakikukaa hata usiku mmoja. Cha pili kilibidi kisubiriwe kutoka Dar es Salaam. Alikosa usiku tisa. Dagaa hawakwenda popote, walikuwa ziwani vilevile, lakini mbalamwezi ilipotoka hakuwa na fedha ya mafuta, wala posho za vijana wake watano, na marejesho ya mkopo hayakumsubiri. Baada ya kutengeneza hakuweza kuvua mara mbili ili kufidia, maana wavu unavuta kile unachoweza kuvuta kwa usiku mmoja.

Ndivyo ilivyo kwa mafuta. Pipa ambalo halikutoka leo halijapotea, limeahirishwa. Lakini haliji kesho, kwa kuwa kesho mtambo utakuwa umejaa kwa kazi ya kesho. Kwa kawaida hurudi mwishoni mwa uhai wa kisima, pengine baada ya miaka kumi au kumi na mitano, na fedha ya wakati huo haina thamani ya fedha ya leo. Tena kuna hatari kwamba haitakuja kabisa, kwa sababu meli ina umri wake, leseni ina mwisho wake, na gharama za kuendesha zinaweza kuzidi mapato kabla mafuta hayajaisha.

Unaweza kutuonyesha kwa tarakimu?

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo la mafuta linatoa mapipa 30,000 kwa siku na kampuni yako inamiliki asilimia 40. Mtambo unasimama siku 20. Mapipa 600,000 hayakutoka, na sehemu ya kampuni yako ni 240,000. Pipa likiuzwa kwa dola 70, mapato ambayo hayakuingia ni dola milioni 16.8. Wakati huohuo kodi ya meli, tuseme dola 250,000 kwa siku, inaendelea kulipwa: milioni 5 kwa siku hizo 20, na milioni 2 kati ya hizo ni mzigo wa kampuni yako. Mishahara, helikopta, meli za huduma na riba ya mkopo haviko humo bado, wala gharama ya ukarabati wenyewe.

Kwa kampuni kubwa yenye maeneo hamsini, hasara hiyo haionekani sana. Kwa kampuni ndogo yenye eneo moja, hiyo ni robo ya mwaka iliyoharibika. Ndiyo maana hitilafu ya aina ileile huleta mtikisiko kwenye kampuni moja na ukimya kwenye nyingine.

Ni hitilafu zipi zinazotokea zaidi?

Mashine zinazozunguka ndizo zinazosumbua mara nyingi: kompresa za gesi, pampu za kuingiza maji, na mitambo ya umeme. Zinakwenda kasi, zinapata joto, na hewa ya chumvi haizisaidii. Kampuni makini hufunga ya akiba, ili moja ikitengenezwa nyingine ifanye kazi. Ukisoma kwamba kampuni inaendesha kwa kompresa moja bila ya akiba, jua kwamba hitilafu ijayo itakuwa kusimama kabisa.

Zipo pampu zinazoshushwa ndani ya kisima chenyewe, hasa pale mafuta yanapokuwa mazito na hayapandi kwa nguvu yake. Eneo la Kraken, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, linaloendeshwa na EnQuest, lilianza kutoa mafuta Juni 2017 na linategemea pampu za namna hiyo. Mei 2023 hitilafu katika transfoma za mfumo wa pampu hizo ilisimamisha uzalishaji kwa wiki kadhaa. Mwamba ulikuwa mzima, visima vilikuwa vizima, meli ilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni umeme wa kuendesha mfumo wa pampu, na transfoma ya ukubwa huo hainunuliwi dukani.

Kutu na kupasuka kwa mabomba ni hitilafu za polepole zaidi, lakini gharama yake inaweza kuwa ya kutisha. Kashagan, katika Bahari ya Kaspi nchini Kazakhstan, ni mojawapo ya maeneo makubwa ya mafuta yaliyogunduliwa katika miongo ya karibuni, na makampuni makubwa ya dunia yalitumia makumi ya mabilioni ya dola kuliandaa. Lilianza Septemba 2013. Wiki chache baadaye gesi ikavuja, kwa sababu gesi ile ina salfa nyingi na chuma cha mabomba kilikuwa kikipasuka kutokana nayo. Mabomba yote mawili, takriban kilomita 200 kwa pamoja, yakabidi yabadilishwe. Uzalishaji haukurudi hadi 2016.

Kuna pia kuganda. Mama zetu wanaouza mawese wanajua kwamba asubuhi ya baridi dumu haliminiki mpaka liwekwe juani. Mafuta ghafi yenye nta yana tabia hiyohiyo, na chini ya bahari yenye kina kirefu maji huwa na nyuzi joto nne hivi, hakuna jua la kusubiri. Mtambo ukisimama, mafuta yaliyo bombani hupoa, nta huganda, na gesi ikikutana na maji hutengeneza vipande kama barafu vinavyoziba njia. Kwa hiyo kusimama kwa siku moja kunaweza kuzaa siku kadhaa za kuwasha upya. Ukisoma kwamba tatizo limerekebishwa, usidhani mafuta yalianza kutoka saa ileile.

Ilikuwaje kwa Jubilee? Tumesikia wanahisa waliumia sana.

Jubilee inafaa kusomwa kwa makini, maana iko Afrika, na kampuni inayoiendesha, Tullow Oil, ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele katika ugunduzi wa mafuta ya Ziwa Albert nchini Uganda, ambayo bomba lake linapita nchini kwetu.

Eneo hilo liligunduliwa 2007, na mafuta ya kwanza yakatoka mwishoni mwa 2010, muda mfupi sana kwa mradi wa kina kile cha maji. Mapema tu baadhi ya visima vikaanza kupungua nguvu kwa sababu ya namna vilivyokamilishwa chini, ikabidi visafishwe kwa tindikali na vingine kuchimbwa upya kwa pembeni. Lengo la mapipa 120,000 kwa siku halikufikiwa kwa wakati uliotangazwa. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza.

Ya pili ilikuja Februari 2016. Meli ya Kwame Nkrumah ilikuwa imefungwa kwa mnara wa mhimili ulioko upande wa mbele. Nanga na mabomba vilishikwa na mnara huo, na meli ilizunguka kuufuata upepo na mawimbi. Mzunguko huo ulitegemea beringi moja kubwa sana. Ukaguzi ukaonyesha kwamba beringi hiyo imeharibika. Uzalishaji ulisimamishwa kwa muda, boti za kuvuta zikaletwa kuishikilia meli isizunguke, na utaratibu wa kupakulia mafuta ukabadilishwa. Hatimaye ikaamuliwa kwamba meli isizunguke tena kamwe, ifungwe kwa nanga pande zote ielekee upande mmoja. Kazi hiyo, pamoja na vipindi vya kusimamisha uzalishaji, iliendelea hadi 2019. Beringi moja, miaka mitatu.

Kisha Desemba 9, 2019, kampuni ikatangaza kwa siku moja kwamba mkurugenzi mtendaji na mkurugenzi wa utafutaji wamejiuzulu, gawio limesitishwa, na uzalishaji wa 2020 unakadiriwa kuwa kati ya mapipa 70,000 na 80,000 kwa siku, chini ya mwaka uliokuwa unaisha. Hisa zilipoteza zaidi ya asilimia 70 ya thamani siku hiyo. Sababu zilizotajwa hazikuwa moja: matatizo ya mitambo juu ya meli, maji kuongezeka katika baadhi ya visima, Ghana kuchukua gesi kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na eneo jirani la TEN kushuka haraka kuliko makadirio. Mwaka uliofuata Tullow iliuza sehemu yake yote ya Uganda kwa Total, kwa makubaliano ya dola milioni 575, ili kupunguza deni.

Naomba msomaji aliangalie hilo la gesi. Gesi ya Jubilee hupelekwa nchi kavu, Atuabo, kuchakatwa kwa ajili ya umeme. Mtambo wa nchi kavu ukisimama au wateja wakipunguza matumizi, meli iliyo baharini nayo inabanwa, kwa sababu kuichoma gesi hewani kuna mipaka. Mwekezaji anaweza kuwa na kisima kizima na meli nzima, akapata hasara kwa sababu ya kitu kilicho nje ya mamlaka ya kampuni yake.

Nitajuaje kama tatizo ni la mtambo au la mwamba?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Mtambo hutengenezwa, kuna gharama na muda, lakini hutengenezwa. Mwamba ukikukatalia, hakuna fundi.

Chinguetti, nje ya pwani ya Mauritania, ilianza Februari 2006 ikitarajiwa kutoa takriban mapipa 75,000 kwa siku. Ndani ya miezi michache uzalishaji ulikuwa umeporomoka, kwa sababu mwamba ulikuwa umegawanyika vipande vingi kuliko wataalamu walivyodhani na mafuta hayakutiririka kuelekea visimani. Mitambo haikuwa na kosa kubwa. Mwaka 2007 Woodside, iliyokuwa mwendeshaji, iliuza sehemu yake na kuondoka.

Lancaster, magharibi ya visiwa vya Shetland, ilikuwa ya kampuni ndogo ya Hurricane Energy. Ilianza Juni 2019 kwa visima viwili na meli ya kukodi, na wanahisa wengi wadogo waliingia kwa matumaini makubwa. Mwaka uliofuata maji yakaanza kupanda na mafuta kuliko ilivyotarajiwa, kisima kimoja kikafungwa, na makadirio ya akiba yakapunguzwa vibaya. Kwa wiki kadhaa za mwanzo maelezo yalisomeka kama suala la uendeshaji. Halikuwa la uendeshaji.

Dalili za kutofautisha ni hizi. Tatizo la mtambo huwa na jina na tarehe: kompresa fulani, vali fulani, kipuri kimeagizwa, kinatarajiwa mwezi fulani. Uzalishaji hushuka ghafla kama ngazi, na mtambo ukipona hupanda karibu na pale ulipokuwa. Tatizo la mwamba halina jina la kifaa. Uzalishaji hushuka kama mteremko, asilimia ya maji inapanda robo kwa robo, na taarifa hujaa maneno kama “tunaendelea kutathmini” na “tunaboresha usimamizi wa visima.” Ukiona kampuni inaeleza mteremko kwa maneno ya ngazi, uwe macho.

Na tahadhari moja: matatizo haya mawili yanaweza kuzaana. Pampu za kuingiza maji zikisimama muda mrefu, shinikizo la mwamba hushuka, na lililoanza kama tatizo la mashine linaacha kovu chini.

Kampuni ikitangaza kusimamisha uzalishaji kwa matengenezo yaliyopangwa, je, ni dalili mbaya?

Hapana. Ni dalili njema, ilimradi yalitangazwa mapema na yamo kwenye makadirio ya mwaka. Wasiwasi uanze pale matengenezo ya wiki tatu yanapogeuka wiki saba, au yanapoahirishwa mwaka hadi mwaka ili takwimu za uzalishaji zipendeze.

Je, bima hailipi hasara?

Hulipa sehemu, tena baadaye. Bima ya chombo hufidia ukarabati. Bima ya kukosa mapato ni nyingine, si kila kampuni inayo, na kwa kawaida huanza kuhesabu baada ya siku kadhaa za kusubiri. Katika suala la beringi ya Jubilee, Tullow ilikuwa na bima za aina zote mbili, na malipo yake yakaisaidia sana. Lakini msomaji wa ripoti alipaswa kuwa makini: kampuni ilitaja pia kiasi cha uzalishaji kilichohesabiwa kutokana na malipo ya bima. Fedha hizo ni halali na zilitangazwa wazi, ila si mapipa yaliyotoka ardhini, na mwaka bima inapokwisha takwimu nayo inashuka.

Meli ikiwa ya kukodi, hasara ya kuharibika ni ya nani?

Inategemea mkataba. Meli ya Kraken, kwa mfano, ni ya Bumi Armada ya Malaysia, si ya EnQuest. Mikataba ya namna hiyo huweza kupunguza kodi meli inaposhindwa kufanya kazi, lakini punguzo la kodi ni dogo likilinganishwa na mafuta ambayo hayakuuzwa. Soma pia mkataba wa kukodi unaisha lini. Kampuni inaweza kuwa na mafuta ya miaka kumi na meli ya miaka mitano.

Kampuni ikishindwa, mwanahisa mdogo analipwa lini?

Mwisho kabisa. Benki na wenye hati fungani, yaani walioikopesha kampuni, hutangulia, na mwanahisa hupata kinachobaki, kama kipo. Hurricane Energy ilikuwa na hati fungani za dola milioni 230, na mwaka 2021 ulipendekezwa mpango ambao ungewaachia wanahisa asilimia 5 tu ya kampuni. Wanahisa walipinga mahakamani nchini Uingereza, na mahakama ikakataa mpango huo. Walibahatika, kwa kuwa bei ya mafuta ilikuwa imeanza kupanda. Siwezi kumwambia mtu aweke akiba ya ada za watoto kwa kutegemea bahati ya namna hiyo. Kampuni yenye eneo moja la mafuta na deni kubwa imeufunga mkopo wake kwenye kompresa.

Kwa nini wasiendeshe mtambo hivyohivyo wakati wanasubiri kipuri? Sisi huku tunaendesha.

Ndugu aliyeuliza hili aliuliza kwa nia njema, nami naomba nimjibu kwa uzito. Usiku wa Julai 6, 1988, katika jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo na vali yake ya usalama imeondolewa. Pampu nyingine iliposimama, wafanyakazi wa zamu ya usiku, ambao hawakuwa na taarifa kamili, wakaiwasha ile iliyofunguliwa. Gesi ikavuja na kulipuka. Watu 167 walikufa. Majukwaa ya jirani yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea motoni kwa muda, kwa kuwa waliokuwa huko walisita kusimamisha uzalishaji.

Kwa hiyo mwanahisa anapoandika kwa hasira kuuliza kwa nini mtambo umefungwa siku kumi kwa sababu ya mvujo mdogo, akumbuke kwamba kuna mtu anayelala juu ya mtambo huo. Mimi nikisoma kwamba msimamizi wa zamu amefunga kwa tahadhari, imani yangu kwa kampuni hiyo inaongezeka.

Bei ya mafuta duniani ilipanda, lakini hisa zangu zikashuka. Inawezekanaje?

Kwa sababu bei ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kiasi kilichouzwa. Pia kampuni nyingi zenye madeni hulazimika kuuza mapema sehemu ya mafuta yake kwa bei iliyofungwa, hivyo bei inapopanda hazifaidi yote.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Kigoma? Tanzania haichimbi mafuta.

Ni kweli, Tanzania inazalisha gesi, hasa Songo Songo na Mnazi Bay, na haizalishi mafuta ghafi. Lakini Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lina asilimia 15 katika bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 zikiwa nchini kwetu. Kwa njia hiyo kila Mtanzania ni mwanahisa bila kwenda kwa dalali. Wenzetu wa Tabora wanaliona kwa macho: linapita Nzega na Igunga, na kiwanda cha kuyavisha mabomba tabaka la kuhifadhi joto kilijengwa Sojo, wilayani Nzega, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta na lazima yasafirishwe yakiwa na nyuzi joto 50 hivi. Mapato ya bomba ni ada ya kila pipa linalopita, na uwezo wake wa juu ni takriban mapipa 246,000 kwa siku. Mitambo ya Tilenga au Kingfisher kule Ziwa Albert ikisumbua, bomba litabeba kidogo. Tuna haki ya kuuliza kuhusu kompresa za Uganda.

Kuhusu ziwa letu, utafutaji umefanywa kwa vipindi tangu miaka ya 1980, na mafuta yanayojitokeza yenyewe yanajulikana upande wa Kongo, Rasi Kalamba. Hakuna uzalishaji. Ziwa lina kina cha hadi mita 1,470, linatumiwa na nchi nne, na maji yake hukaa karne nyingi kabla ya kubadilika. Mtu akikujia na fomu za kununua hisa za “mafuta ya Tanganyika,” mwombe namba ya usajili na uipeleke kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla hujatoa hata shilingi.

Nisome sehemu gani ya ripoti ya kampuni?

Anza na uzalishaji halisi ukilinganishwa na makadirio ya mwanzo wa mwaka, kwa miaka mitano, si mmoja. Angalia kama takwimu ni ya eneo zima au ni ya sehemu ya kampuni, maana tangazo hupenda kutaja kubwa. Kisha tafuta asilimia ya muda ambao mitambo ilifanya kazi: zaidi ya 90 ni nzuri kwa meli ya namna hii, na ikishuka mfululizo, uliza. Tafuta asilimia ya maji. Tafuta tarehe za marejesho ya mkopo, uziweke sambamba na tarehe za matengenezo makubwa. Zikigongana, umeipata hatari ambayo muhtasari wa mwenyekiti hautaji.

Nina hisa tayari, na kampuni imetangaza hitilafu leo. Niuze?

Usifanye jambo asubuhi hiyohiyo. Bei huwa imeshaanguka kabla taarifa haijafika kwenye simu ya Kigoma, na anayeuza kwa hofu huuza kwa bei ya hofu. Chukua daftari, uandike majibu manne kutoka kwenye taarifa yenyewe, si kutoka kwa watu wa kundi la WhatsApp: ni kifaa gani, kipuri kiko wapi, makadirio ya mwaka yamebadilishwa au yamebaki, na mkopo unaofuata unalipwa lini. Kama majibu yote manne yamo, una mtambo ulioharibika, na unaweza kuamua kwa utulivu kama una subira ya kungoja. Kama makadirio yameondolewa bila kuwekwa mapya na kifaa hakikutajwa, lete daftari hilo kikaoni Jumamosi tulisome pamoja kabla hujabonyeza kitu chochote.